Mama Alinileta Juu

Naomba radhi kabla sijaanza. Mwandiko wangu unainama kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi l na r zinanichanganya hadi leo, kwa sababu kwetu tunazisema tunavyojua wenyewe. Nikiandika kura mahali pa kula, mtaelewa kwa maneno yanayofuata. Nimesoma hadi darasa la saba. Naandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunimalizia jioni mbili, na ninapenda hivyo. Kwenye kusema mimi ni mtu wa kunyamaza. Mtu akiniuliza jambo mbele ya wengine, jibu linanijia nikiwa nimeshafika nyumbani na kuvua viatu. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri.

Nataka kuandika juu ya mdogo wangu na maneno madogo ya Kiingereza yaliyotaka kumtoa shuleni.

Mdogo wangu si wa tumbo moja na mimi. Ni binti wa mama mdogo, aliyeolewa bondeni upande wa Ziwa Rukwa na mwanaume wa Kisukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Mama mdogo alifariki mtoto akiwa anaanza tu kusema maneno yanayoeleweka. Mama yangu alishuka kwenye msiba, akarudi na mtoto. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tukawa watatu, hapa Izia, huku juu mlimani, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye shamba la mahindi na ulezi nyuma yake. Mdogo wangu anamwita mama yangu mama, na mimi ananiita dada. Mimi nashona nguo mtaa wa Kizwite, kwenye baraza la mama mmoja fundi ambaye ndiye aliyenifundisha kazi.

Baba mdogo hakuwahi kumsahau mwanawe. Kila baada ya mavuno alipanda huku kwetu na gunia la mchele, akakaa siku moja, akashuka. Mwaka ule mdogo wangu alipokuwa kidato cha pili, alikuja kama kawaida, lakini alikaa kwenye kiti bila kuvua kofia.

"Shemeji, nimekuja na neno," alimwambia mama.

"Kula kwanza. Neno halipoi, ugali ndio unapoa."

Alikula. Alipomaliza kunawa, akalisema. Alikuwa ameongea na shule kwa simu, na ameambiwa Kiingereza kinamwangusha binti yake, na masomo mengine yote yanafundishwa kwa Kiingereza hichohicho.

"Mimi sina ugomvi," alisema. "Akifaulu mtihani wa kidato cha pili, aendelee, nitatoa mchango wangu. Asipofaulu, ashuke nyumbani. Kumrudisha darasa akae mwaka mwingine anatazama ubao, hapana."

"Atafanya nini huko bondeni?" mama aliuliza.

"Atakaa na baba yake."

Neno lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Baba mdogo angekuwa mtu mkali tungegombana naye na mambo yangekuwa mepesi. Lakini alilisema huku anaangalia mlangoni, ambako mdogo wangu alikuwa anasugua sufuria nje na kelele za sufuria zilikuwa zimenyamaza.

Asubuhi yake, tunavaa masweta, mdogo wangu aliniambia, "Dada, mimi baba nampenda. Lakini sitaki kushuka. Nataka kuwa nesi."

Alichukua begi lake akaenda shule.

Haikupita wiki akarudi amevimba macho. Alitupa daftari kitandani akaniambia nisome. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa ameanza kuwafundisha vile vitendo vinavyotembea na neno dogo nyuma yake, na kwenye zoezi kulikuwa na sentensi hii: "My aunt brought me up." Walitakiwa waeleze maana yake kwa maneno mengine. Mdogo wangu aliandika kwamba mama yake mkubwa alimbeba kutoka bondeni hadi mlimani. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya jibu lote.

Mama alikuwa anapeta maharage. Akauliza, "Imeandikwaje?"

"'Brought' ni alileta," mdogo wangu alimweleza huku anajifuta pua. "'Me' ni mimi. 'Up' ni juu. Mama alinileta juu."

"Sasa kosa liko wapi? Kwani mwalimu alikuwepo?"

Mimi nilicheka, lakini mama hakuwa anatania. Aliweka ungo chini akaanza kumsimulia mdogo wangu habari ambayo hata mimi nilikuwa nimeisikia vipande vipande tu. Lori la mpunga walilopanda liliharibika chini ya mlima. Wanaume wakabaki na lori, wanawake wakaamua kupanda kwa miguu. Wenzake walikuwa na mizigo kichwani, yeye alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa mzito kwa sababu alikuwa amelia mpaka amelala. Walipofika juu, upepo wa huku ukawapokea. Mtoto wa bondeni hajui baridi. Akaamka.

"Ukaniambia, mama, kinaniuma," mama alisema. "Nikakuuliza nini kinakuuma. Ukasema, hakionekani. Nikavua sweta langu nikakufunga nalo lote, miguu na kichwa. Ilikuwa mara yako ya kwanza kuniita mama. Mwambie mwalimu hivyo."

Mimi nilikuwa nimefungua kamusi ya mdogo wangu, ile iliyochanika jalada. Nilitafuta "bring", nikashuka na kidole mpaka nikaipata na "up" yake.

"Hapa wanasema ni kulea," nilisema.

Mama aliokota ungo wake. Alipeta mara mbili tatu, akatoa jiwe, akalitupa nje.

"Na hiyo pia nilifanya," alisema.

Mdogo wangu akaanza kulia upya, ila kwa namna nyingine, na akaenda kukaa karibu na mama kuchambua maharage.

Kuanzia siku hiyo nikawa nayafikiria maneno yale madogo nikiwa kwenye cherehani. Mimi Kiingereza sijui, nilijua cha darasani cha salamu na rangi. Lakini kazi ya kushona inaacha akili bila kazi. Siku moja nilishona mkono wa gauni kinyume, na mama fundi akaniambia, "Fumua huo, utamvalisha nani, mtu mwenye kiwiko mbele?" Nikiwa nafumua, akaingia mteja akasema anataka kushonesha sare za kwaya. Mwingine akauliza nani aliyemshonea jirani yake. Mama fundi akaguna kwamba kitambaa alicholeta hakishoneki. Nikasimamisha mguu. Shona, shonea, shonesha, shoneka. Kazi ni ileile, ila kila mmoja ameifunga mkia wake, na mkia ndio uliosema shughuli nzima. Ungeukata ule mkia ukaniletea peke yake kwenye kisahani, ukaniuliza ea maana yake nini, ningekutazama tu.

Jioni nilimwambia mdogo wangu. Kwake yeye ninaweza kuongea.

"Kosa letu ni kwamba tunatafsiri mkia peke yake," nilisema. "Wenzetu nao wana mikia, ila hawajaishona kwenye kitendo. Wameiacha inatembea pembeni."

"Kwa hiyo 'up' si juu?"

"Mara nyingine ni juu. Mara nyingine ni mkia tu. Angalia sisi, funga na fungua, kunja na kunjua, vaa na vua. Wao wanasema 'put on', 'take off'."

"Dada, wewe na mashine yako," alisema. Lakini aliandika.

Tukaanza kuweka maneno hayo kwenye kazi za nyumbani. Aliyeamka wa kwanza aliwaambia wengine "wake up". Aliyevaa sweta alisema anachokifanya. Umeme ukikatika, ambalo si jambo la kusubiri sana, mmoja alisema "the lights have gone off", na ukirudi mwingine alijibu. Kuku wakiingia ndani tuliwafukuza kwa "go away" mpaka mama naye akaanza kuwaita wale kuku magoawei.

Mama hajui Kiingereza kabisa. Anajua Kifipa, na Kiswahili chake kina Kifipa ndani yake. Lakini siku moja alikuwa anasikiliza tunavyorudia "pick up, pick up", akauliza, "Ndiyo pikapu ya kubebea mbolea?"

Tukatazamana. Mdogo wangu akasema, "Mama, ni hiyohiyo. Inaokota mizigo."

"Na chekapu ninayoenda kufanyiwa hospitali?"

"Nayo."

"Na nokauti ya mpira?"

"Hiyo mkia wake ni mwingine. Ni 'out'."

"Kumbe siku zote naongea na hamniambii," mama alisema. Akafikiri. "Sasa hiyo apu ya chekapu, iko juu ya nini? Maana daktari ananilaza."

"Haiko juu ya kitu, mama."

"Basi inapenda kutembea tu."

Makosa yetu mengine tuliyafanya kwa makusudi, maana tuligundua kwamba likichekesha halisahauliki. "We have run out of flour" maana yake unga umetuishia, lakini ukilichukua neno kwa neno ni kwamba tumekimbia nje ya unga. Mdogo wangu alifungua debe akamtangazia mama, "Mama, tumekimbia nje ya unga." Mama akamjibu, "Kimbieni basi mpaka mashineni, mahindi yako kwenye kiroba." Mpaka leo nyumbani kwetu kitu hakiishi. Tunakimbia nje ya chumvi, nje ya sabuni, nje ya vocha.

Lakini lilikuwepo moja ambalo hakutaka kujifunza. Tulikuwa kwenye kitendo cha kutazama, ambacho mikia yake haina mwisho. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look forward to" ni kungoja kitu kwa hamu. Tukafika "look down on". Kamusi ikasema ni kudharau. Mdogo wangu akafunga kitabu.

"Hii siitaki."

"Itakuja kwenye mtihani."

"Ije," alisema. "Tukienda ukingoni mwa mlima si tunatazama chini? Baba yuko chini kule. Nikimtazama nitakuwa namdharau?"

Nilimwambia wanaosema hivyo hawajawahi kusimama ukingoni kwetu. Kwetu ukitazama chini unatafuta moshi wa jiko la mtu unayemfahamu. Lakini niliona hakuwa anabishana na kamusi. Alikuwa amebeba lile neno la baba yake kila siku kwenye begi, na mtu angeweza kumwambia kwamba kukataa kushuka ni dharau. Nilitamani kumshika mkono. Kwetu hatufanyi sana hivyo. Nikamchongea penseli.

Ugumu wenyewe ulikuja baadaye, karibu na mwezi wa tisa, na haukuwa wa maana ya maneno. Ulikuwa wa mahali maneno yanapokaa. Alikuwa ameandika "look him after", na mwalimu akasahihisha kuwa "look after him". Sawa. Siku iliyofuata akaandika "wake up him", na mwalimu akasahihisha kuwa "wake him up". Mdogo wangu akaliweka daftari mezani mbele yangu.

"Hapa mtu anakaa mwisho. Hapa mtu anakaa katikati. Kwa nini?"

Katikati nilipaelewa, kwa sababu na sisi tunamweka mtu katikati. Nilimwamsha, yule m amekaa ndani kabisa. Lakini kwa nini kwingine hakai, sikujua. Nilisoma sentensi zile mpaka zikapoteza maana.

"Naacha," mdogo wangu alisema. "Na hata kuacha kwenyewe kuna mkia. 'Give up.'" Alijaribu kucheka. "Dada, labda bondeni si kubaya. Kuna joto. Sitavaa sweta."

Mama alikuwa mlangoni. Alienda nyuma ya nyumba, na nikamsikia anakata kuni ambazo tayari zilikuwa zimekatwa.

Jumamosi nilienda shuleni kwao, Malangali. Sijui niwaeleze vipi ninyi ambao kwenu kwenda kumwona mwalimu ni jambo la kawaida. Nilibeba sketi ya shule ya mdogo wangu kwenye mfuko, ili nikishindwa kusema niseme nimekuja kuleta sketi. Nilizunguka uwanja wa mpira. Nilisimama karibu na tangi la maji nikasoma maandishi yote yaliyokuwa juu yake. Mwalimu mwenyewe, kijana mwembamba mwenye chaki kwenye nywele, alitoka kwenye masomo ya ziada akanikuta.

"Karibu. Wewe ni mzazi?"

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, ingawa sijui kama nimekuzidi sana."

Nilimpa mfuko. Alichungulia, akaona sketi, akaniangalia tena. Nilikuwa nimeyarudia maneno yangu njia nzima, na yote yalikuwa yameondoka. Nikatoa daftari kifuani nikamwonyesha kwa kidole sentensi mbili. Akaelewa. Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi, na mimi nikakaa ngazi ya chini yake.

Aliniambia kwamba maneno yale madogo yanafanana sura lakini kazi zake ni mbili. Mengine yameshikamana na kitendo chenyewe, na hayo yana adabu, yanaweza kusogea kumpisha mtu akae katikati. Ndiyo "up" ya "wake up". Ukitaja jina zima unaweza kuliweka upande wowote, "wake the child up" au "wake up the child", lakini ukisema "him" au "it" tu, lazima ikae katikati. Mengine yameshikamana na yule anayefuata, yamemshika mkono. Ndiyo "after" ya "look after". Hayo hayamwachi mtu wake, popote alipo yanakuwa mbele yake.

"Na yale ya mikia miwili?" niliuliza. Nilishangaa kusikia sauti yangu. "'Run out of'. 'Put up with'."

"Mikia?" alisema. Akatabasamu. "La kwanza limeshika kitendo, la pili limemshika mtu. Kwa hiyo hakuna wa kuingia katikati. Lakini nikwambie kweli, sheria haitawatosha. Msome sentensi nzima, muiseme kwa mdomo, mpaka sikio likatae lenyewe ikikosewa."

Niliposimama kuondoka nikakumbuka jambo lingine, nikamweleza, kwa maneno yaliyojikwaa, habari ya lori, mlima na sweta. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo aliloandika ni kweli."

"Ni kweli."

"Barabarani ni sahihi," alisema. "Kwenye mtihani ni kosa. Mwambie aniandikie habari hiyo yote kwa Kiingereza. Sitampa alama. Nataka kuisoma."

Nilirudi nyumbani nimesahau sketi kwake.

Tulifuata alivyosema. Tukaacha maneno matupu tukashika sentensi nzima, tena kwa sauti, hata njiani. Mdogo wangu aliandika ile habari ya mama kupanda mlima, akaiandika upya, na kila ilipokuwa inarudi ilikuwa na wekundu kidogo zaidi hapa na pungufu pale. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa anasema "she wrapped me up", yaani alinifunga na sweta, bila kufikiri. "Put up with" alilipenda kuliko yote. Maana yake ni kuvumilia. Alisema hata vumilia yetu ina mkia mrefu, na labda ilizaliwa na vuma ya upepo, mtu aliyesimama upepo unamvumia naye hajaondoka. Sijui kama ni kweli. Lakini mtu wa huku juu akisikia hivyo anakubali.

Mvua zilianza na mtihani ukaanza nazo. Kwenye jumuiya ya kanisa mama aliombwa ataje nia yake ya sala, akasema anawaombea watahiniwa wote, na hasa maneno madogo. Watu wakaitikia amina, kila mtu akielewa alivyoelewa. Mdogo wangu alirudi kila siku amelowa hadi magoti na hakutaka kuulizwa. Ilipokwisha alilala mchana wote. Kisha tukapanda mahindi, tukapalilia, Krismasi ikapita, na hakuna aliyelitaja bonde.

Matokeo yalitoka nikiwa kazini. Mama fundi ana simu kubwa, na mtandao siku ile ulikuwa unazunguka tu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mdogo wangu alikuja mbio kutoka nyumbani akasimama nyuma ya kiti cha mama fundi, mkono mdomoni. Mimi niliendelea kukanyaga cherehani bila uzi. Jina lake likafunguka.

"Amepita," mama fundi alisema. "Kiingereza D. Lakini amepita."

Tulipofika nyumbani mama aliuliza, "D ni nzuri?"

"Inatosha kuendelea," mdogo wangu alisema.

"Basi imetosha." Mama akaingia chumbani akafunga mlango, akatoka baada ya muda amevaa kitenge cha kanisani, akaanza kuwasha moto.

Baba mdogo alipanda wiki hiyohiyo. Hakuja na mchele, haukuwa msimu. Alikuwa ameshasikia. Alimpa mdogo wangu mkono kama mtu mzima, akasema hongera, mwanangu, na alimaanisha. Tulikula vizuri, tukacheka. Akamsifia mama kwa ugali wa ulezi. Mimi nilidhani tumemaliza, na kwamba furaha ilikuwa yetu sote. Kisha akatoa simu yake, akaipangusa kwa shati, akamwonyesha mdogo wangu picha.

Ilikuwa picha ya chumba. Kilikuwa kimejengwa ubavuni mwa nyumba yake, cha tofali za kuchoma, bati jipya, na ndani kimepakwa rangi ya samawati mpaka nusu ya ukuta.

"Nilikijenga baada ya mavuno," alisema. "Sikujua itakuwaje. Nikasema, akija asikose pa kulala."

Nilijua sasa kwamba kwa miezi yote ile, wakati sisi tunahesabu mikia ili asishuke, yeye alikuwa anapandisha tofali ili apate pa kushukia. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kosa.

Mdogo wangu aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Akaikuza kwa vidole.

"Kitanda umekiweka upande gani?"

"Chini ya dirisha. Bondeni kuna joto."

"Usimpe mtu."

"Nimpe nani?"

"Nitashuka shule zikifungwa. Mwezi wa sita nitakuja, na wa kumi na mbili."

"Halafu utapanda tena," baba mdogo alisema.

"Nitapanda tena, baba."

Alitikisa kichwa polepole kukubali. Akairudisha simu mfukoni, akaitoa tena, akampa mama naye aone. Mama alitazama, akasema rangi imekaa vizuri, akauliza aliyepiga plasta ni nani maana kazi yake ni safi. Alimjibu kwamba amepiga mwenyewe.

Alfajiri mdogo wangu alimsindikiza stendi kabla ya kwenda shule. Kulikuwa na ukungu. Niliwatazama nikiwa mlangoni. Baba mdogo alikuwa amemnyang'anya mwanawe begi la shule akalibeba yeye, begani, kamba imekuwa fupi kwa bega lake, na walikuwa wanatembea taratibu kama watu ambao gari lao bado sana.

Sasa mdogo wangu yuko kidato cha tatu, na mwezi wa sita uko karibu. Mama ameanza kunyamaza. Amemfumia sweta ambalo bondeni hatalivaa, na anajua. Mimi sijui nimwambie nini, na sijui likizo ya kwanza itakuwaje, kama atarudi siku aliyosema au atatuma ujumbe kwamba anaongeza wiki, na kama akiongeza tutapaswa kufurahi.

Kwa hiyo ninyi mliosoma hadi hapa nawaomba jambo. Kama kwenu yupo mtoto mwenye nyumba mbili zinazompenda, niandikieni, kupitia walewale waliowafikishia maandishi haya. Niambieni huwa mnafanyaje siku anayofunga begi, nani anamsindikiza, na anayebaki nyumbani anashika kazi gani. Andikeni kirefu. Nitawasomea mama na mdogo wangu jioni, na nitajibu, ingawa nitachelewa.